Mashine Isiyo na Jumamosi

Jaffar Redio alivua makubadhi, akapanda barazani, akapokea kikombe kwa Mzee Gunga muuza kahawa, akanywa funda moja polepole. Watu wa Kibokoni walimjua. Habari ikiwa ndogo huitapika tangu kona ya mtaa. Ikiwa kubwa huitangulizia kahawa.

"Barua ya Karani imefika mtaa wa Kuze," alisema. "Imebandikwa ukutani. Watu wapanga foleni kuisoma."

Faraj alinyoosha kanzu yake magotini. Jina la Karani alijipa mwenyewe. Kazi yake hasa ilikuwa kubeba mafaili katika ofisi moja ya meli, lakini tangu Wazungu wa ofisi ile wafungashe virago baada ya uhuru, naye akanunua taipureta yao mnadani, ukimwita Faraj haitiki mpaka mara ya tatu. Timu ya karata ya Kibokoni ilimfanya katibu, si kwa hekima yake, bali kwa kuwa hakuna timu nyingine iliyokuwa na mashine.

"Naliyuwa wataipenda," akasema. "Hawajaona mwaliko wa karata za wahedi wasitini uliopigwa taipu."

"Hawaipendi, waistaajabia. Umewaalika karata Alhamisi baada ya isha. Usiku wa Ijumaa, Karani. Kuze nzima wasoma Yasini, wewe wawaambia ndooni tugawe karata. Wasema Kibokoni dini imekwisha, imebaki kahawa."

"Imebandikwa ukuta gani?"

"Wa madrasa ya Mwalimu Jamaldin. Yeye ndiye wa kwanza kuisoma."

Faraj aliweka kikombe chini. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu shangazi yake, Bi Mwanakuu, apeleke posa kwa Mwalimu huyo kumtaka Mahfudha, bintiye, na jawabu lilikuwa bado. Alimpenda Mahfudha, na hakulificha. Pale barazani kila mtu alikuwa amechoka kulisikia. Sasa baba mtu alikuwa amesoma ukutani kwake mwenyewe kwamba anayetaka kuwa mkwewe hugawa karata usiku wa Ijumaa.

Athmani Ndimu, seremala aliyepewa jina hilo kwa ukali wa ulimi wake, aliweka karata zake chini kifudifudi.

"Nani aliyeichagua Alhamisi?"

"Alhamisi watu huwa na nafasi."

"Nafasi ya kuswali. Wewe wataka kuwafunga Kuze au wataka kuwakosesha pepo?"

"Barua yenyewe ilikuwa nzuri," Faraj akajitetea. "Mistari imenyooka."

"Hata makaburi yamenyooka. Tangu uilete mashine hiyo akili zako zimehamia ndani yake. Umeishonea guo jeusi la kuifunika, ukainunulia brashi, ukainunulia mafuta. Kwenu hakuna mtu aliyenunuliwa hata kitana."

"Hizo ni zana zake. Mashine bila zana ni chuma tu."

"Na vile vikofia vya mpira?" Jaffar akadakia. "Nimeviona kwa mato yangu. Kila herufi ameivisha kofia. Sisi twacheza na ree ya kopa iliyokatika pembe, hata kipofu aijua kwa mgongo, na timu yetu yanunua kofia za herufi."

"Vyazuia vumbi. Na vidole visiumie."

"Vidole vya mtu apigaye barua moya kwa mwezi," alisema Athmani.

Kadenge Muhuri, Mgiriama aliyefanya kazi posta, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku nzima alipanga barua za watu, na jioni alipendelea kunyamaza. Lakini sasa alikuwa amekunja uso.

"Karani, tangazo lako la mkutano wa mwezi uliopita lilisema siku gani?"

"Alhamisi."

"Na la kufagia baraza?"

"Alhamisi."

"Na harusi ya ndugu yangu," Jaffar akasema, "iliyokuwa Jumapili. Yeye aliandika 'siku tatu baada ya Alhamisi'. Wageni wengine walikuya wamechoka kwa kuhesabu."

Kadenge alianza kutaja siku kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alipofika Ijumaa alisimama, akamtazama Faraj kama anavyoitazama barua isiyo na stempu.

"Mashine yako haina J," alisema.

Mzee Gunga aliacha kugonga vikombe.

"Inayo," Faraj akajibu. "Ila haipigi."

"Na kofia umeivisha?" Athmani akauliza.

"Nimezivisha zote."

"Maiti huvishwa sanda, Karani. Havishwi kofia."

Faraj akaona heri ashambulie kuliko kungoja kumalizwa. "Na sisi Wamvita J ya nini? Njoo twasema ndoo. Njia ni ndia. Njaa ni ndaa, kuja ni kuya, moja ni moya. Herufi hiyo ni ya watu wa bara. Wazee wetu hawakuwa na haja nayo."

"Wazee wetu walikuwa na Jumamosi," alisema Athmani. "Walikuwa na joho, na jambia, na jamvi, na jirani. Wewe hata jirani yako huwezi kumwandika."

"Kumbe ndiyo maana katika orodha ya wachezaji nimeitwa Yaffar," Jaffar akasema. "Nami nikadhani umekosea. Basi kama Jaffar huwa Yaffar, mbona hukuandika Yumamosi?"

"Watu wangecheka."

"Na mimi je?"

"Wewe umezoea."

Hata Kadenge alicheka, na Kadenge hucheka mara mbili kwa mwaka, siku za Idi na siku za Krismasi. Kisha akauliza kwa upole kama Karani hana kalamu.

"Ninayo." Faraj aligusa mfuko wa kanzu. "Lakini barua ya taipu ikiguswa na kalamu huwa koti lenye kiraka. Ofisini hatufanyi hivyo."

"Ofisini wabeba mafaili," Athmani akamkumbusha. "Sasa ondoka, wende Kuze ukamwambie Mwalimu kuwa si wewe, ni mashine."

"Nimwambie nimenunua mashine mbovu? Mimi, katibu?"

"Basi chagua wewe. Aone huna dini, au aone huna akili. Asiye na akili huozwa, twamwona kila siku."

Maneno hayo yalimchoma Faraj. Alikuwa anatafuta makubadhi yake kwa mguu, nusu akitaka kwenda na nusu akitaka ardhi impokee, Mwalimu Jamaldin alipotokea mwenyewe kichochoroni na barua mkononi. Wote wakasimama.

"Asalamu alaikum."

"Waalaikumu salamu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Alikataa kahawa kwa kuweka mkono kifuani, na hakuketi. "Faraj, mwanangu, barua hii ni yako?"

"Ni yangu, Mwalimu."

"Nimekuya mwenyewe kwa sababu shangazi yako ni mtu wa heshima. Sikutaka kumjibu kabla ya kukusikia wewe. Kwani huyuwi Alhamisi ikishatua ni usiku gani?"

Faraj alimfikiria Mahfudha, na ukatibu wote ukamtoka. Alieleza kila kitu. Kwamba J imekufa, kwamba siku zote za wiki zina J isipokuwa Alhamisi, na kwamba hakukusudia kuvunja heshima ya usiku wa Ijumaa, wallahi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, lakini alisema.

Mwalimu alizihesabu siku kimya kimya, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alitikisa kichwa, na uso wake ukalegea.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nalidhani huna dini."

"Ninayo, Mwalimu." Faraj alianza kupumua.

"Na hiyo mfukoni ni nini?"

"Kalamu, Mwalimu."

"Ina wino?"

"Inao."

"Siku ulipoiandika barua hii, ilikuwamo?"

Faraj alitamani sana kusema haikuwamo. "Ilikuwamo," akasema.

Mwalimu aliikunja barua mara mbili, akamrudishia. "Ulikuwa na kalamu mfukoni, ukaona afadhali uuchezee usiku wa Ijumaa kuliko kuichomoa. Nikimtia mwanangu nyumbani kwako, siku moya mlango ukikwama utamwambia apitie dirishani." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jawabu la posa ni la. Herufi zake zote unazo. Waweza kumpigia shangazi yako taipu leo hii."

Akaaga, akashika ndia ya kurudi Kuze. Mzee Gunga akaanza kukusanya vikombe, Kadenge akavaa kofia yake ya posta, Jaffar akatafuta makubadhi. Athmani Ndimu alizichanganya karata, akazitia mfukoni, akaenda zake.