Dimbwi la Tisa

Jumatatu, 4 Mei
Mvua imekatika, watu wamezingirwa na maji majumbani. Ramani ya mji imegawanywa kwa miraba. Yenye maji imepakwa weusi. Mkuu wa idara anataka idadi ya madimbwi, kila dimbwi lipelekewe pampu moja. Mchoraji ramani akachukua penseli nyekundu. Anaanza na mraba mmoja wenye maji, anapaka myeusi inayopakana nao kwa ubavu, kisha inayopakana na hiyo, mpaka iishe. Hapo anaandika moja, anatafuta dimbwi jingine. Nikacheka. Nikamwambia Mkuu kompyuta yangu itamaliza kabla ya chai. Mdomo huu!

Jumanne, 5 Mei
Programu inazunguka tangu jana. Nilisahau kuiambia iweke alama ilipokwishapita. Inakwenda mraba wa kulia, inarudi kushoto, inakwenda tena. Mkuu akauliza kulikoni. Nikasingizia umeme. Taa inawaka juu ya kichwa changu!

Jumatano, 6 Mei
Alama nimeweka. Jibu: tisa. Mchoraji naye ana tisa, tangu juzi. Sasa mimi nitaonekana nimefanya nini? Nikabadilisha: miraba inayogusana kwa pembe tu nayo ihesabiwe dimbwi moja. Nane! Mkuu akanisifu kwa kuokoa pampu. Mchoraji akasema maji hayapenyi kwenye pembe, na kati ya madimbwi mawili niliyoyaunganisha pana tuta. Nikamwambia aache wivu.

Alhamisi, 7 Mei
Madimbwi manane yamekauka. La tisa lipo palepale, nyuma ya tuta. Ndani yake, nyumba ya mama mkwe! Nimemkuta kakaa juu ya meza, viatu kavipakata. Akaniuliza, mwanangu, ni juha gani huyo aliyehesabu? Nikamjibu ni mchoraji. Mke wangu akanitazama. Anajua.

Ijumaa, 8 Mei
Mchoraji kaja mwenyewe na pampu. Mama mkwe kamsuta mbele ya majirani. Mchoraji kashikilia mpira wa maji mpaka sakafu ikaonekana. Nami nimesimama hapohapo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu kukiri yote. Kabla sijafungua kinywa, akauliza nani atamhesabia nyumba zilizobomoka. Nikasema mimi, leo hii hii, mchoraji asisumbuliwe.