Mate ya Ukoo wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Mkataba unaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Bosi kasema maabara itabaki na fundi mmoja: mimi au mwenzangu Miwani. Miwani! Mtu anayejikomba mpaka kwa paka wa bosi. Kazi yetu yote ni jeni moja, msimamizi: protini yake huziendea jeni nyingine na kuziamuru, wewe washa, wewe zima. Ikikosewa herufi moja, mtoto huzaliwa na shungi jeupe la nywele, na wengine hawasikii. Ndivyo ulivyo ukoo wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Binti yake ana mimba, anataka kujua mapema. Mate yao tunayo, vichupa kumi na viwili. Kesho nitamwahi Miwani kazini.

Jumanne, 4 Machi
Nilifika alfajiri. Nikadeki, nikaosha kila chombo kilichokuwa mezani. Bosi alisifu sana. Miwani kanuna! Halafu akauliza, kwa upole wa kinafiki, vichupa vya ukoo viko wapi. Nikasema kwenye friji. Mama yangu wee! Nimevisugua kwa sabuni. Vyote.

Jumatano, 5 Machi
Sikupata hata lepe la usingizi. Nikikiri, nimempa Miwani kazi. Nikajifungia chooni na vichupa vitupu. Kutema mate mara kumi na mbili si mchezo. Kufika cha saba koo lilikauka, ikabidi niwaze ndimu. Nikabandika majina: bibi, baba, binti, wote. Nimeokoka.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwisha. Majibu yametoka. Bosi kasema ukoo mzima hauna kasoro hata moja. Tena wote ni mtu mmoja. Tena mtu huyo ni mwanamume, bibi wa miaka themanini akiwemo. Miwani alicheka mpaka machozi. Nikasema labda ni mashine. Bosi akajibu kwamba mashine haitemi mate. Nikakiri. Kanipa nafasi ya mwisho: nikachukue upya mwenyewe, vyote kumi na viwili, kesho jioni viwe mezani kwake.

Jumatano, 12 Machi
Fundi cherehani alinisonya, lakini akatema. Binti aliniuliza kama mwanawe atamsikia akimwimbia. Niliinama nikafunga kizibo, roho inaniuma, najiona mtu bure kabisa. Bibi naye kagoma. Kasema hamtemei mzembe mara mbili.

Vipo kumi na kimoja. Saa nane mchana sasa, nimekaa nyumbani nimeshika kichwa. Kazi imekwenda, Miwani kashinda, mke wangu hajui lolote.

Lakini nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Nilitumia mate ya mwanamume! Mama mkwe amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Ni mwanamke, tena mzee. Nimeshachukua kijiko.