Amonia Kwenye Sakafu ya Kanisa

Mwaka ule wa kutawazwa Malkia, pale kwa Mzee Shee, muuza kahawa wa karibu na stesheni ya Voi, Mutiso fundi wa reli, sisi tukimwita Spana, alifungua gazeti akakohoa.

"Sikizeni. Haya majina ya madawa ya maabara ni ya kale ajabu. Amonia, wameandika hapa, imepewa jina la Amuni, mungu wa Misri. Chumvi yake ilikuwa inaokotwa karibu na hekalu lake."

Thadeus akaweka kikombe chini. Yeye ndiye msafishaji wa kanisa, na jana tu alikuwa ameosha sakafu kwa amonia, maana Jumamosi binti yake, Wakesho, anaolewa humo.

"Uliosha yote?" akauliza Josephat, mzee wa kanisa tuliyemwita Zaburi.

"Mpaka chini ya madhabahu."

"Basi umemwingiza Farao ndani. Harusi hakuna."

"Hakuna aje? Wakwe wako njiani kutoka Bomeni!"

"Amri inasema usiwe na miungu mingine. Haikusema isipokuwa ya chupani."

"Zaburi, punguza moto," Spana akasema. "Hata alkoholi, hapa wanasema, ni neno la Waarabu. Zamani lilikuwa jina la wanja."

"Kweli kabisa," Mzee Shee akaitikia akimimina kahawa. "Marehemu nyanya yangu akijipaka wanja kila siku, na hakuyumba hata mara moja."

Thadeus hakucheka, nami nilimhurumia sana. Harusi ya Wakesho ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa sababu ya ukame, kisha kwa sababu ya bwana harusi.

"Josephat, ndugu yangu, sasa nifanye nini?"

Zaburi akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mjomba wangu yuko Chawia. Anajua kutasa."

Mdawida gani wa milima yetu ya Taita asiyejua kutasa? Mzee hujaza mdomo mbangara, ile pombe ya miwa, akaipuliza huku akitamka amani, na ubaya wote ukaondoka. Zaburi huyu huyu ndiye aliyewatenga watu na meza ya Bwana kwa jambo hilo.

"Kanisani?" Spana akauliza. "Na pombe?"

"Pombe gani? Si umesoma mwenyewe kwamba ni wanja?"

"Na kasisi akiingia Jumamosi akute kanisa zima linanuka mbangara?"

Zaburi akamaliza kahawa yake taratibu, akasimama, akavaa kofia.

"Thadeus," akasema, "ile amonia ilibaki?"