Kichwa cha Bwana Harusi

Kule machimboni kila mtu alikuwa na jina la kupewa, na huyu walimwita Bwana Harusi kwa sababu mbili. Kwanza, alivaa koti jeusi na viatu vinavyong'aa mahali ambapo watu wote walitembea na matope hadi magotini. Pili, alikuwa ameshachumbia katika kila mji aliopita, na hakuna uchumba hata mmoja uliofika siku ya ndoa. Daima kulitokea dharura. Dharura yenyewe ilikuwa ni tiketi ya basi.

Siku bahati ilipomtazama, alimkuta mchimbaji mmoja amekaa ukingoni mwa shimo lake, miguu inaning'inia, machozi yanamtoka.

"Miezi yote hii nachimba," mchimbaji akasema. "Wenzangu wanapata dhahabu, mimi napata nini? Maji! Tazama, yamejaa tena!"

"Pole sana, ndugu yangu. Unaliuza?"

"Nani atanunua dimbwi? Nipe hata hiyo saa yako, nipate nauli."

Bwana Harusi akaivua saa polepole, kwa uchungu wa mtu anayeachana na urithi wa marehemu baba yake. Saa yenyewe ilikuwa imekata roho zamani. Wakashikana mikono, na kila mmoja akaondoka akimwonea mwenzake huruma.

Sasa, utauliza, mtu mwenye akili zake anataka nini na shimo la maji? Jibu lilikuwa limekaa ofisini, nalo liliitwa Mkaguzi.

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kupima mashimo na kuandika lipi lina dhahabu na lipi ni tasa. Wenye mashimo walijua kwamba bila kitu kidogo, shimo lenye mali litaandikwa tasa na kufungwa. Baada ya wiki utamwona shemeji yake Mkaguzi ndani ya shimo hilohilo, anachimba huku anapiga mluzi. Shemeji huyo alikuwa na mashimo mengi mpaka akakonda. Mtu kama Mkaguzi, aliwaza Bwana Harusi, haibiwi. Anapunguziwa mzigo.

Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya kichupa cha dawa ya macho: vumbi la dhahabu, jasho la ulimi wake la miaka mingi. Na chombo cha kazi alikuwa nacho tangu kuzaliwa, yaani nywele. Zilikuwa nyingi, nyeusi, nzito, na alizitunza kuliko alivyowahi kumtunza mtu. Alichanganya vumbi lile na mafuta mazito ya nywele, akalisugua hadi kwenye mizizi, kisha akavaa kofia.

Mkaguzi alipokuja kupima, hakumwamini mtu. Alikuja na karai lake, na maji yake kwenye dumu. Alimpekua Bwana Harusi mifukoni, akamkunja mikono ya koti, akamkagua kucha, akamwambia atoe ulimi.

"Nimezoea wajanja," alisema.

"Na mimi nawachukia sana, mheshimiwa," Bwana Harusi akajibu, akavua kofia kwa heshima. Akajikuna kichwa kama mtu asiyejua mambo haya ya kitaalamu, kisha kwa vidole vilevile akasaidia kuvunja mabonge ya udongo ndani ya karai. Mkaguzi akazungusha, akamwaga, akazungusha. Chini ya karai kukabaki mstari mwembamba wa manjano.

Mkaguzi akakohoa. "Hamna kitu hapa. Hili ni shimo tasa."

"Nilijua tu. Basi nitampelekea udongo huu mkubwa wako wa makao makuu, naye autazame."

"Kwani haraka ya nini, rafiki yangu?"

Hivyo wakawa marafiki. Wakakubaliana kwamba Alhamisi asubuhi Mkaguzi ataleta pesa, atapima mara moja ya mwisho, na shimo litakuwa la shemeji. Bwana Harusi akaenda moja kwa moja kukata tiketi ya basi la saa saba mchana, akaificha ndani ya soksi palepale mbele ya mkata tiketi.

Kulikuwa na jambo moja dogo: uchumba.

Safari hii alikuwa amemchumbia Kinyozi. Huyu dada alikuwa na kibanda cha mabati chenye kiti kimoja, kioo chenye ufa, na beseni la bati. Maji aliyanunua kwa dumu, na machimboni dumu la maji lilikuwa ghali. Hata hivyo, hakuna mchimbaji aliyenyolewa pale bila kwanza kuoshwa kichwa, bure. Maji machafu hakuyamwaga. Aliyapeleka nyuma ya kibanda, akayamimina kwenye pipa lililofunikwa magunia.

"Mpenzi wangu," Bwana Harusi alimtania siku moja, "kwa biashara hii utatajirika lini?"

"Kila mtu na shimo lake," Kinyozi akajibu, akaendelea kunoa wembe.

Mwanzoni alimchumbia kwa sababu palikuwa na kiti cha kukalia na sufuria haikuwa mbali. Lakini siku zilivyokwenda akajikuta anapita pale hata akiwa ameshiba. Alimpenda, ndio ukweli, na jambo hilo lilimtisha. Tapeli akianza kupenda ni kama mwizi aliyeanza kukohoa.

Alhamisi akajipaka dhahabu yote iliyobaki, akavaa kofia, akashika njia. Njia ya kwenda shimoni ilipita mlangoni kwa Kinyozi. Naye alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani.

"Bwana Harusi, leo si ndio tunakwenda kwa mjomba wangu?"

"Ndiyo, mama. Jioni. Nina kikazi kidogo tu."

"Vua kofia nikuone." Kabla hajajibu, kofia ilikuwa mkononi mwa dada. Akanusa. Uso ukabadilika. "Mafuta haya si yangu."

"Nimejipaka mwenyewe."

"Nusu kopo? Mwanamume gani anajipaka nusu kopo? Nani amekushika kichwa?"

"Hakuna mtu, nakuapia!"

"Basi keti nikuoshe. Au unaogopa nitakuta alama za vidole vya mwenzangu?"

Hapo Bwana Harusi akapiga hesabu. Akikataa, ana mwanamke mwingine, na dada ana wembe. Akikubali, mtaji wake unaingia kwenye beseni. Ukweli hakuufikiria, maana hakuwa na mazoea nao. Akajifariji kwamba dhahabu ni nzito, imezama kwenye mizizi, haitatoka kwa maji mara moja. Akaketi.

Kinyozi hakuosha mara moja. Aliosha mara tatu, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vidole vikizunguka taratibu nyuma ya masikio. Toka utotoni hakuna aliyemshika kichwa namna ile. Akasahau Mkaguzi, akasahau basi. Kwa muda aliona wazi kabisa kwamba angeweza kukaa kwenye kiti hiki mpaka azeeke, na wazo hilo halikumuuma hata kidogo. Akasinzia.

Alipoamka, kichwa kilikuwa chepesi mno. Beseni halikuwepo.

"Sasa unafanana na mtu," alisema Kinyozi. "Nenda, usichelewe."

Akaenda mbio. Mkaguzi alikuwa akingoja na mkoba kifuani. Karai likajazwa udongo. Bwana Harusi akajikuna, akavunja bonge. Mkaguzi akazungusha: matope. Bwana Harusi akajikuna nyuma ya masikio, kisogoni, utosini, kwa mikono miwili. Matope. Akaomba karai la tatu, akajikuna mpaka akaanza kutoa mba.

Mkaguzi akamtazama kwa makini. "Wewe una chawa?"

"Ni mawazo tu, mheshimiwa."

"Umenipotezea muda. Hili si shimo. Hili ni kisima!" Akafunga mkoba, akaondoka akifoka. Mbele kidogo akasimama, akapapasa ndevu zake. Alikuwa na hasira, na mwanamume mwenye hasira machimboni alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda kupumzika.

Bwana Harusi alibaki ukingoni akiitazama sura yake majini. Kichupa kitupu, mkoba umeondoka, na kichwa kinanukia sabuni. Ndipo akalikumbuka pipa lile la nyuma ya kibanda. Akakumbuka vichwa vyote vya wachimbaji vilivyooshwa bure, na vumbi la dhahabu lililojaa ndani ya vichwa hivyo. Kila mtu na shimo lake! Akaruka, akatimua mbio.

Akaingia kibandani kama moto. "Dada! Rudisha!"

Kinyozi akageuka. Kwenye kiti alikuwa amelala Mkaguzi, povu hadi masikioni, wembe ukiwa shingoni mwake.

"Nirudishe nini, mpenzi wangu?"

"Kile kilichokuwa kichwani mwangu!"

"Kulikuwa na nini kichwani mwako?"

Mkaguzi akafungua jicho moja. Bwana Harusi akalitazama jicho hilo, akautazama wembe, akamtazama mchumba wake, ambaye alikuwa akimngoja kwa upole mwingi.

"Chawa," akasema.

"Nilijua!" Mkaguzi akadakia ndani ya povu.

"Basi usijali, nimewatoa wote," alisema Kinyozi. "Mheshimiwa, nasikia lile shimo umeliita kisima. Kisima si mali ya machimbo, sivyo? Si unaweza kumwandikia mtu tu?"

"Naweza, kwa kitu ki—"

Wembe ukasita kidogo juu ya koromeo.

"Bila chochote," Mkaguzi akamalizia. Akatoa karatasi na muhuri kutoka kwenye mkoba, akaandika juu ya goti. "Niandike jina la nani? Lake au lako? Si mnaoana?"

"Andika langu. Yeye atachota."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na Bwana Harusi hata hakukichimba, alikinunua kwa saa mbovu. Mkaguzi alipoondoka, kidevu kikimeta, Kinyozi akafuta wembe.

"Ulijua tangu lini?" Bwana Harusi akauliza.

"Tangu ulipoanza kuvaa kofia. Mwanamume anayejipenda kama wewe hafuniki nywele hizo bila sababu."

"Ningekuoa, lakini. Baada ya... Leo kwenye kiti hiki niliwaza hivyo. Nakuapia."

"Nakuamini," alisema Kinyozi, na sauti yake ikapungua ukali. "Ulikuwa umelala, na ulisema kwa sauti. Ndiyo maana nimeweka ndoo mbili pale pembeni, moja yako na moja yangu. Ungekuwa hukusema, ningekuacha uende."

Bwana Harusi akaona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia shingoni. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akashika ndoo zote mbili. Alipofika mlangoni, dada akamwita.

"Na ile tiketi ya kwenye soksi, kairudishe kabla haijalowa. Wanarudisha nusu ya nauli."

Ndoo zikamponyoka. "Hiyo nayo umeijuaje?"

Kinyozi akakung'uta taulo, akaashiria kiti kwa kidevu.

"Kwani mkata tiketi unadhani ananyolewa wapi?"