Marehemu Namba Moja

Usitazame pembeni. Siku uliyokuta karatasi kwenye dirisha la hospitali imeandikwa "mfumo uko chini", uliguna, ukageuza, ukarudi nyumbani. Miaka saba unageuza. Leo kaa kwenye benchi hili la kahawa, usikie.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba mfumo wa kompyuta wa hospitali kuu sasa unawekwa kwenye simu, uzinduzi Ijumaa. Cherehani, fundi nguo, alikitua kikombe chake kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alishafunika jicho la kulia, sasa ananyemelea la kushoto.

"Jana nimekwenda kupangiwa upasuaji," alisema. "Dada wa dirishani kabonyeza, kanitazama, kanipa pole. Namuuliza pole ya nini, ananiambia mzee, wewe umefariki."

Spana, fundi magari, akapaliwa. "Lini?"

"Miaka saba iliyopita. Mfumo ulipoanza tu."

"Ndiyo maana suruali yangu haiishi. Kumbe nimempa kazi marehemu."

Wote wakamgeukia aliyeutengeneza mfumo huo, kijana mmoja ambaye benchi lilimbatiza Kesho kwa sababu ya ahadi zake.

"Msinitazame hivyo," alisema Kesho. "Wakubwa walinipa wiki tatu. Nilitaka wagonjwa wa kujaribia ukurasa wa vifo, nikaandika majina yaliyonijia. Nikasema nitafuta kesho."

"Majina?" Spana aliuliza taratibu. "Yaani tuko wengi?"

Kesho akakuna kisogo. "Wewe nilikujaribia wodi ya wazazi. Una mimba ya miezi minane. Faili halijafungwa mpaka leo."

Muuza kahawa ilibidi aketi. "Miaka saba, Spana. Huyo akitoka anakwenda darasa la kwanza moja kwa moja."

Cherehani hakucheka. "Nifute, mwanangu. Daktari kasema mwezi huu ukipita, na hili la kushoto linakwenda. Nitashona kwa nini, kwa pua?"

"Siwezi, mzee wangu. Wewe ndiye marehemu namba moja. Vifo vyote vinahesabiwa kuanzia kwako, vitanda vinahesabiwa kwa vifo, dawa kwa vitanda. Nikikutoa, hospitali nzima inazima."

"Kumbe nimelibeba jengo zima nikiwa kaburini."

"Kila mwaka naomba nafasi ya kurekebisha, kila mwaka wananiambia ongeza kitu kipya kwanza. Ijumaa ikipita, basi..."

"Usilitaje hilo neno," alisema Spana.

Cherehani akatoa koti kwenye mfuko. "Koti lako la uzinduzi. Vaa."

Kesho akavaa, akang'aa. Aliponyoosha mkono kuchukua kahawa, mkono wa koti ukachomoka begani, ukabaki kwenye kiwiko.

"Mzee, hili limeshikizwa kwa pini."

"Mabega sikushona. Ukisimama mbali unapendeza, na wakubwa hawasogei karibu. Nitashona kesho."

"Zinachoma."

"Vua."

Alivua pole pole, kama anayejitoa kwenye miiba. Cherehani akalikunja koti, akalikalia. "Utalipata nikifufuka."

Kesho akafungua kompyuta yake mapajani. "Kukufufua ni kazi ya wiki mbili, nikiachana na hii kazi ya simu. Nani atawaambia wakubwa Ijumaa isubiri?"

Benchi zima likatazama ndani ya vikombe.

Na wewe unatazama chako. Kiweke chini. Nenda dirishani sasa hivi, wakusomee wewe ni nani humo ndani: hai, marehemu au mjamzito. Ijumaa usimpigie makofi anayekata utepe kabla hajakujibu nani aliujaribu mfumo. Cherehani amebakiwa na jicho moja na mwezi mmoja. Inuka.