Mashine ya Kunyonya Vumbi Iliyomhamisha Mke Wangu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Fundi Nyumbani.

YAH: MAKALA YENU YA "NUSU SAA TU" NA HALI YA NYUMBA YANGU BAADA YA WIKI TANO

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisicho na vumbi, unavuta pumzi kwa pua zote mbili. Mimi pia ni mzima, ila naandika nikiwa nimejifunga kitambaa usoni kama mwizi, na kila nikimaliza mstari inanibidi niipulize karatasi ndipo nione nilichoandika.

Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikitengeneza makabati, vitanda na meza za watu katika banda lililoshikana na nyumba yangu. Sijawahi kuliandikia gazeti lolote. Nilidhani magazeti yanaandikiwa na watu wasio na kazi. Lakini ukurasa wako umenitoa kwenye kazi yangu, kwa hiyo na mimi sasa nimefuzu kukuandikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mke wangu ana pumu. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha pili kutoka bandani, na kwa miaka mingi tulikula vumbi lile lile kwa amani. Mwaka huu kifua chake kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari wa zahanati alimwambia waziwazi: ama vumbi litoke kwenye nyumba hiyo, ama yeye atoke. Wiki hiyo hiyo mkatoa makala ya huyo anayejiita Fundi Bingwa, kuhusu namna ya kuunganisha mashine ndogo ya magurudumu ya kunyonya vumbi na mashine za mbao za nyumbani. "Ni kazi ya nusu saa tu," aliandika, "hata mtoto anaiweza." Niliikata makala hiyo kwa mkasi wa mke wangu, ule wa vitambaa, ambao haukatiwi karatasi hata siku ya kiama, na hakunigombeza. Ndivyo alivyokuwa na matumaini.

Nikanunua mashine. Leo ni wiki ya tano, na mke wangu yuko kwa dada yake, mtaa wa tatu kutoka hapa. Alifunga virago siku ya tisa. Hakuondoka kwa hasira, Mhariri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hasira ningeijibu. Alisimama mlangoni na dawa yake ya kuvuta mkononi, akasema, "Baba watoto, vumbi likiisha niite. Nitarudi siku hiyo hiyo." Basi malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, ili baadaye msije mkasema hamkunielewa.

1. Kuhusu hiyo nusu saa. Bingwa anasema: isogeze mashine, chomeka mpira wa kunyonyea, kaza klipu, washa. Nilianza Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, na adhana ya alasiri ilinikuta nimelala chini ya msumeno wa meza nikimtafuta Bingwa ili nimuulize maswali mawili matatu. Kila mashine yangu ina mdomo wake. Msumeno una mdomo mpana chini ya tumbo, ngumi inapita. Mashine ya randa mdomo wake ni wa pembe nne. Mashine ya msasa, mdomo wake haupitishi hata kidole gumba. Mpira mliotusifia una ukubwa mmoja tu. Bingwa anashauri, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kushika klipu, kwamba nitumie "kiunganishi kinachofaa". Nilizunguka maduka matano ya vifaa. Muuzaji wa tano aliniuliza, "Mzee, ni cha choo au cha sinki?" Mwishowe kilichofaa kilikuwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari. Hivyo vyote Bingwa hakuvitaja. Labda kwake havipatikani.

2. Kuhusu midomo ya mashine yenyewe. Mashine hii ina midomo miwili, mmoja mbele na mmoja ubavuni. Makala inasema "chomeka mpira mdomoni", basi, kana kwamba mtu yeyote duniani ana mashine ya mdomo mmoja. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo iliyojaa picha na mishale, ya kiwango cha darasa la awali. Mtu aliyetengeneza kabati la milango sita bila kuchora hata mstari hafundishwi na mishale, kwa hiyo karatasi ile niliifungia misumari. Nilitumia akili ya ufundi. Mpira niliuchomeka kwenye mdomo uliokuwa unautazama msumeno, na mfuko nikauvalisha mdomo uliobaki. Kama mnaona kuna njia nyingine, ilikuwa kazi yenu kuiandika.

3. Mfuko. Katika picha yenu mfuko umevimba vizuri, umesimama wima, na Bingwa anatabasamu kando yake kana kwamba ndiye baba yake. Wangu tangu siku ya kwanza haujawahi kuvimba. Nikiwasha mashine unajikunja, unajibana mdomoni kama shati lililoloa mgongoni. Nimeufungua mara kumi na nne na sijakuta vumbi la kujaza kijiko cha chai. Mmeniuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halina mbuzi.

4. Sasa vumbi. Siku niliyowasha kwa mara ya kwanza, vumbi lililokuwa limelala tumboni mwa msumeno kwa miaka yote hiyo liliamka kwa pamoja na kutoka juu, kupitia ufa wa msumeno, likanipiga usoni. Nikasema, panavuja. Nikaziba kwa selotepu. Likatoka kwa nguvu zaidi. Nikaziba kwa mpira, kwa gundi, kwa soksi yangu mwenyewe, na kila nilipoziba sehemu moja vumbi liliongeza bidii kwenye nyingine. Nilipohamishia mpira kwenye mashine ya randa, maranda yalipaa mpaka kwenye taa, yakashuka taratibu kwenye supu iliyokuwa jikoni. Jirani yangu mstaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mkaguzi kwa sababu hakuna linalopita kwenye uzio wake bila kukaguliwa, aliniuliza kwa heshima zote kama nimefungua mashine ya kusaga. Nilimjibu kwamba nafuata maelekezo ya gazeti. Akanipa pole.

5. Mashati arobaini. Mke wangu alikuwa ameyatundika kwenye korido, meupe, yanasubiri vifungo tu. Siku ya saba nilifanya jaribio kubwa: mashine zote tatu, mpira mmoja, nikiuhamisha kutoka huku kwenda kule kwa kasi. Nilipotoka bandani mashati yote arobaini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mke wangu alikuwa dirishani. Anakung'uta shati moja, anakohoa, anainama, anavuta dawa, anachukua jingine. Alinikataza kumsaidia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba vumbi kuliko mashati. Nilisimama uani nikamtazama akimaliza yote arobaini. Bingwa na tabasamu lake hakuwepo.

6. Hili la sita nimelifuta. Lilimhusu Bingwa pamoja na ukoo wake, na mimi ni mtu mwenye adabu.

7. Kuhusu hali yangu ya ndoa kwa sasa. Kila siku jioni huenda kumwona mke wangu. Shemeji yangu, dada yake, ni mwanamke wa amri. Amesema nguo zangu hazivuki geti lake. Ameniwekea shati msumarini, pale nje, nilivae kabla ya kuingia. Shati lenyewe ni la marehemu mume wake, mtu mnene sana, Mungu amrehemu. Kwa hiyo mke niliyemuoa miaka ishirini na sita iliyopita nazungumza naye nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti, nimevaa shati la marehemu, mikono imefunika vidole, huku shemeji akinitazama kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mke wangu huniuliza, "Vumbi vipi?" Namwambia linaelekea kuisha. Nimekuwa mwongo, Mhariri, katika uzee wangu, tena mwongo aliyevaa shati la kuazima.

8. Baada ya kuona cha mtema kuni, nikaamua kufanya utafiti, kitu ambacho ukurasa wako umekiogopa. Jumatatu nilifanya kazi bila kuwasha mashine yenu. Vumbi lilikuwa sakafuni tu, limetulia, lina nidhamu. Jumanne nikafanya kazi ile ile, mbao zile zile, nikaiwasha. Vumbi lilikuwa sakafuni, ukutani, darini, ndani ya kabati lililofungwa na ndani ya saa yangu ya mkono. Jumatano nikaiwasha bila kupasua hata ubao mmoja. Vumbi likaja vile vile! Kwa hiyo jibu ni moja: mashine hii hainyonyi vumbi, inazaa. Na kama inazaa, walioitengeneza wanajua. Na kama wanajua, basi Bingwa anajua. Na kama Bingwa anajua na bado anatabasamu pichani, ukurasa wako si wa Fundi Nyumbani, ni wa kuwafukuza wake za mafundi kutoka nyumbani, na mnafanya hivyo kila Jumapili, kwa rangi nne.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Kwanza, gazeti liombe radhi, kwa herufi ambazo mtu aliyejaa vumbi machoni anaweza kuzisoma. Pili, Fundi Bingwa aje hapa na nusu saa yake. Nitampa stuli, nitamfungia katikati ya mashine zangu, nitawasha, na nitamfungulia nusu saa ikiisha. Tatu, mkubwa wenu amwandikie mke wangu barua rasmi, aeleze kwamba mume wake alifuata kila kitu bila kosa, na kwamba kosa lote ni la gazeti. Barua iwe na mhuri. Shemeji haamini kitu kisicho na mhuri. Nne, kama hayo yatawashinda, basi litumieni gazeti lenu kuishawishi serikali ipige marufuku upasuaji wa mbao kila mahali, watu walale chini, wale chini, nguo zao wazitundike kwenye misumari, mpaka mke wangu arudi. Nitakosa kazi, najua. Nimeshapiga hesabu hiyo na nimeikubali.

Nisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, mlinzi wa mlangoni, mama anayewapikia chai, na zaidi ya wote mfagizi, kwa kuwa ndiye pekee kati yenu anayejua vumbi ni nini. Fundi Bingwa usimsalimie.

Wako mwenye kikohozi na subira iliyokwisha,
Fundi Seremala wa banda la mabati ya kijani.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha, juu ya meza ya bandani, mke wangu alipopita leo mchana kuchukua sindano zake za cherehani. Nilimwomba asimame mlangoni nimwonyeshe uovu wa mashine kwa macho yake. Niliwasha. Badala ya kurudi nyuma, alijifunika mdomo kwa khanga, akaingia, akauchomoa mpira kwenye msumeno na kuweka kiganja mbele ya ncha ya mpira. Akasema, "Baba watoto, mbona huku kunatoka upepo?" Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo pumzi ya mashine. Akaniangalia jinsi anavyomwangalia mteja aliyevaa shati nyuma mbele. Akazima. Akautoa mpira kwenye mashine, akautoa mfuko, akavibadilishia midomo, akaurudisha mpira kwenye msumeno, akakaza klipu kwa sarafu aliyoitoa kwenye pochi. Sikuona hata kama dakika kumi zilipita. Nilipowasha tena mfuko ulivimba, ukasimama wima. Nikapasua ubao mzima, na hewani hapakuwa na kitu ila hewa.

Kwa wiki tano, Mhariri, mashine ilikuwa inavuta mfuko na kupuliza nyumba.

Mke wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mgongo umeegemea msumeno, khanga imeanguka. Kicheko ndicho huwa kinamwamshia pumu, basi nilizima mashine haraka nikapiga magoti karibu yake na dawa mkononi, nikimsikiliza. Hakukohoa. Kifua hakikulia. Nilibaki nimepiga magoti pale hata baada ya hatari kupita, na sioni aibu kukuambia kwamba nililia kidogo.

Halafu akaiona bahasha. Alisoma yote, mstari kwa mstari, hakuruka kitu. Nilitaka kuichana, akanizuia. Amesema sasa sharti la kurudi si vumbi tena. Atarudi siku ambayo barua hii itatoka gazetini nzima, bila kupunguzwa, pamoja na nyongeza hii, na ataisoma kwa sauti mbele ya dada yake na mbele ya Mkaguzi.

Kwa hiyo madai yangu yote manne nayafuta, na kwa Fundi Bingwa naomba radhi. Nina ombi moja tu: msiicheleweshe. Cherehani yake nimeshaipangusa na kuitia mafuta.