Kikapu cha Mama Generoza na Shingo ya Aksanti

Acheni nyavu zenu, enyi watu wa Magara. Zimeni mashine za kukamua mawese, enyi watu wa Rumonge. Na wewe uliyeketi Kabezi ukingoja gari la kwenda mjini, liache lipite, kwani magari yako kila siku lakini habari kama hii humfikia mtu mara moja katika umri wake. Nataka kusimulia vita. Si vita vya bunduki, ambavyo masikio yetu yamekwisha kuvishiba, bali vita vya shingo moja dhidi ya kilima kizima. Namsifu Aksanti mwana wa Uvira, Aksanti mwenye kifua cha mbele, Aksanti asiyerudi nyuma hata pale ambapo kurudi nyuma ndiko kwenye akili, aliyetwikwa kikapu asubuhi moja hapa Gatete akakipandisha kilimani bila kukitua. Ewe Tanganyika, ziwa refu lisilokatika, uliyeyatazama yote ukiwa chini umelala chali, niazime pumzi niyaseme yalivyokuwa.

Tulikuwa wanne, marafiki tangu shule, tumevuka mpaka kutoka Uvira kuja Burundi, likizo ya kutembea milimani. Msiulize kama kwetu hakuna milima. Iko, tena mikubwa, imesimama nyuma ya nyumba zetu. Lakini ile ya kwetu, kwa miaka hii ya bunduki, mtu huitazama kwa macho tu, haendi kuitembelea kwa kujifurahisha. Basi tukaja kupanda ya jirani. Aksanti, fundi wa simu, ndiye aliyekuwa jemadari. Mardochée, mwalimu wa hesabu, alikuwa na tumbo lisilopata usingizi. Schékinah, muuza vitenge, alikuwa na ulimi wa wembe. Mimi niandikaye haya nilibeba maji.

Watu wa pwani walitushangaa. Siku ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi alisimama akatuuliza, "Mumepotewa na mbuzi?"

"Hapana, baba. Tunatembea tu," Aksanti akajibu.

"Muko munamutembelea nani huko juu?"

"Hakuna mutu."

Mzee akatutazama mmoja mmoja mpaka kwenye viatu, akavua kofia, akasema, "Mungu abasaidie," kisha akaendelea kusukuma ndizi zake.

Tulilala Gatete, kwa Mama Generoza, mjane aliyeishi kambi ya wakimbizi Tanzania zaidi ya miaka thelathini kabla ya kurudi, naye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kamba iliyovutwa na wanaume wawili. Jioni ile, mbele ya sahani ya mukeke wa kuchoma, Aksanti alisimama akahutubia mifupa ya samaki: "Nisikilizeni! Leteni kilima chochote, leteni mzigo wowote! Mgongo huu na shingo hii havijawahi kukataa kazi!" Mama Generoza alikuwa mlangoni. Alisikia, akaenda kulala na neno lile.

Kulipokucha alitujia na kikapu. Wanaovijua vikapu vya Burundi wanajua ninachosema: kile kirefu, kilichosukwa kwa mkono wenye subira, chenye mfuniko uliochongoka juu kama paa la nyumba ya kale. Akakiweka mbele ya Aksanti kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "jana ulisema, nami nikasikia. Binti yangu Kezia amejifungua mtoto wa kiume, yuko kwa mumewe, juu ya kilima hicho mnachokwenda kukipanda bure. Leo saa sita ukoo wa mumewe unakutana kumtazama mtoto, na kikapu cha mama mzazi lazima kiwepo kabla mtungi wa pombe haujafunguliwa. Magoti yangu hayapandi tena. Mpwa wangu ambaye angekipeleka ameamka na homa. Kikikosekana, au kikifika kimelala, watasema walivyozoea kusema: hawa waliorudi kutoka Tanzania walisahau desturi kambini, walirudi mikono mitupu. Kezia ataishi na neno hilo maisha yake yote."

Aksanti akaweka mkono kifuani. "Mama! Kikapu chako kimeshafika!" Akakikamata, akafungua mkoba wake wa safari, akaanza kukisukumia ndani kichwa chini miguu juu.

Mama Generoza akapiga kelele kama mtu aliyeona ng'ombe ndani ya kanisa. "Acha! Kikapu cha mzazi hakifungwi mgongoni! Kinakwenda kichwani, kimesimama, watu wakione tangu mbali. Na anayetwikwa hapa ndiye anayekitua kule. Hakibadilishi kichwa njiani."

Schékinah akasogea. "Leta, mama, nitabeba. Mimi nimezoea. Ya Aksanti, kaka yangu, hicho kichwa chako hakijawahi kubeba hata kaye, daftari ya shule."

Laiti angenyamaza! Maana hapo kiburi cha Aksanti kiliwaka kama mafuta ya mawese yaliyomwagikia jikoni. Akapiga goti, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyowaamsha kuku wa majirani watatu: "Nitwike, mama, na dunia ishuhudie!" Mama Generoza akasokota jani kavu la mgomba likawa ngata, akaiweka utosini pake, na juu ya ngata akaweka kikapu. Aksanti akainuka. Macho yakamtoka. Kikapu kilijaa unga wa mtama, na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, na chupa ya mawese, na kitenge cha kumfungia mtoto; na vyote pamoja viliamua kulalia upande wa kushoto.

"Iko muzito?" Mardochée akamwuliza.

"Ni unyoya," akasema Aksanti kwa meno yaliyobanwa.

Hivyo ndivyo jeshi lilivyoondoka Gatete. Tulipita katikati ya michikichi, ambayo ilisimama pande mbili kama askari wa gwaride, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliacha mbuzi wakatufuata, kwa sababu hawakuwa wamewahi kumwona mwanamume mwenye viatu vya gharama akitembea kama mtu aliyemeza fimbo. Kisha njia ikainuka, na kilima kikaanza kupigana.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa udongo mwekundu, ulionyeshewa usiku, unaoteleza kama sabuni. Aksanti hakuweza kutazama chini, kwani atazamaye chini humwaga. Ikabidi miguu yake itafute njia yenyewe kama vipofu wawili walioshikana mikono. Silaha ya pili ilikuwa jua. Silaha ya tatu ilikuwa mkokoteni wa ahadi zake mwenyewe, ambao hakuna aliyeuona ila yeye. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likapita ngata, likamwingia machoni, na mikono yote miwili iko juu, hakuna wa kumfuta.

"Schékinah," akasema taratibu, "nifute uso."

"Sema kwanza kichwa changu na chako, kipi kina akili."

"Schékinah, dada yangu, mutoto wa mama..."

"Sema!"

"Chako."

Akamfuta kwa pindo la kitenge chake, na ninaapa kwamba hakuna mfalme aliyewahi kupakwa mafuta kwa heshima kubwa kuliko ile.

Tulipofika katikati ya kilima, penye ukuta wa udongo ambapo njia imekatwa, Aksanti akaegemea kupumzika akiwa amesimama vilevile na mzigo wake. Mardochée akapanda juu ya ule ukuta, akisema anataka kutazama kama kikapu kiko sawa. Hapa, ndugu zangu, kalamu yangu inaona haya. Mkono wa mwalimu wa hesabu uliinua mfuniko, ukaingia, ukatoka na ndagala, ukarudi ukatoka tena. Nasi tungekuwa hatujui hadi leo, kama si kivuli kilichopita juu ya nyuso zetu.

Mwewe!

Alitoka upande wa ziwa, mbawa zimenyooka, mkia umegawanyika mara mbili, jicho kali kama la mtoza ushuru sokoni. Kikapu kilikuwa wazi. Harufu ya ndagala ilikuwa imepanda mbinguni kabla yetu. Akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, akakunja mbawa, akashuka.

"Bwana Yesu!" akalia Mardochée, na badala ya kufunika kikapu akajifunika kichwa chake mwenyewe kwa mfuniko.

Mtu mwingine angekimbia. Mtu mwingine angekitupa kikapu akaokoa masikio. Lakini Aksanti, ambaye hakuweza kuinama, wala kugeuka, wala kunyoosha mkono, alibaki na silaha moja tu, nayo ni koo. Akaifungua, na kilima kikajibu:

Mwewe, shika njia yako,
Kapu hili si la kwako,
Ziwa ndilo jiko lako,
Huku natawala mimi!

Mwewe hakuwa mpenzi wa mashairi. Alipita na upepo wake, akanyakua ndagala mmoja, akapanda kujipanga upya.

"Funikeni!" akanguruma Aksanti. "Funikeni, kabla hajaita ukoo wake!"

Schékinah alimnyang'anya Mardochée mfuniko, lakini Mardochée alikuwa ameanguka kutoka kwenye ukuta, na mwenyewe Schékinah ni mfupi, na Aksanti ni mrefu, na kikapu ni kirefu juu ya mrefu. Akaruka. Hakufika. Akaruka tena. Hakufika.

"Shuka kidogo!"

"Sishuki! Nikiinama kinamwagika!"

"Siyo kuinama, we! Kunja magoti. Mugongo uache kama ulivyo. Polepole, kama mama mwenye mimba."

Na sasa nawaomba mnyamaze, hata mnaotafuna. Juu ya udongo unaoteleza, na mwewe akiwa hewani, Aksanti alianza kushuka. Goti la kulia lilitetemeka, la kushoto likaliuliza habari, na yote mawili yakakunjika kidogo, kidogo, kidogo. Lakini mgongo ukabaki mlingoti na shingo ikabaki mnara. Magoti yalikunjwa, shingo haikukunjwa. Schékinah akanyoosha mkono, mfuniko ukakaa mahali pake, na mwewe aliyekuwa njiani akishuka kwa mara ya pili akakuta paa, akapiga kelele ya hasira, akarudi kwa mama yake.

Kushuka kulikuwa nusu ya vita. Kuinuka kulikuwa vita kamili. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Nitasema tu kwamba mbuzi wawili waliokuwa mbali waliitika.

"Umekula wangapi?" Aksanti akamwuliza Mardochée aliposimama wima.

"Wachache, mukubwa. Nilikuwa nahakikisha kama hawajaoza."

"Utahakikisha vizuri tukifika Uvira."

Huko juu, kama tulivyosimuliwa baadaye, ua wa wakwe wa Kezia ulikuwa umejaa. Wake wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mikeka, wazee kwenye viti, na Mama Émérance, mama mkwe, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, alikuwa amekwisha kushika jani linaloziba mdomo wa mtungi. Kezia alikuwa ndani na mtoto, akiutazama mlango. "Saa sita ndiyo hii," akasema Mama Émérance. "Hatuwezi kungoja batu ba kambini mpaka jioni. Kama hawana, hawana."

Ndipo juu ya ua wa miti ya miyenzi kikatokea kitu. Kwanza ilikuwa ncha. Kisha mfuniko, ukipanda pole kama mwezi. Kisha kikapu kizima, kimesimama, hakikuyumba wala kuegama, na chini ya kikapu uso mwekundu kwa vumbi, unaong'aa kwa jasho, usiotazama kulia wala kushoto kwa sababu haukuweza.

"Amahoro!" akasema Aksanti.

"Amahoro meza," ua mzima ukaitika.

"Mimi ni Aksanti, mwana wa Uvira! Nimetumwa na Generoza wa Gatete, mama wa Kezia, bibi wa mtoto! Nimepita udongo, nimepita jua, nimepigana na ndege wa angani! Kikapu cha mama mzazi hiki hapa! Nani atanitua?"

Mama Émérance aliliacha jani. Alisimama, akafunga upya kitenge chake, akaja na mwanamke mwingine, wakanyanyua kikapu kila mmoja upande wake, wakakiweka chini kama wanavyoweka mtoto aliyelala. Mfuniko ukaondolewa. Wakaona unga, wakaona mawese, wakaona ndagala, na pembeni mwake kitenge cha kijani kilichokunjwa vizuri. Kezia akatoka mlangoni na mtoto kifuani, akakigusa kile kitenge, akakiweka shavuni. Akawatazama wake wa ukoo, mmoja baada ya mmoja, na mmoja baada ya mmoja wakapiga vigelegele.

"Mimi nilisema kila siku," akatangaza Mama Émérance, akiwageukia watu. "Nilisema: mama yake Kezia, yule anajua desturi!" Na katika ua ule wenye watu arobaini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mtungi ukafunguliwa. Aksanti akapewa kiti cha wazee na mrija wa kwanza, akanywa kichwa kikiwa wima kama mtu anayepigwa picha, kwa maana shingo ilikuwa imekataa kurudi kwenye kazi zake za kawaida. Wazee waliuona wima ule wakanong'onezana kwamba huyu kijana ametoka ukoo mkubwa. Alikuwa mwenye furaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa tayari ameanza kumsimulia mzee wa pembeni habari za mwewe, ambaye mbawa zake zilikuwa zimekwisha kufika mita tatu.

Ndipo Mama Émérance akatoka jikoni. Mbele yake alikuwa amekikumbatia kikapu kilekile, na sasa kilikuwa na maharage, na viazi, na ndizi mbivu juu yake, hata mfuniko umekaa upande.

"Mwanangu," akasema, "kikapu cha mzazi hakirudi kitupu. Na aliyekileta ndiye anayekirudisha."

Schékinah alijifunika mdomo. Mardochée aliangalia miti. Aksanti akakitazama kikapu, akaitazama njia inayoshuka hadi ziwani, yenye udongo ule mwekundu ambao sasa ungekuwa unateleza kwenda chini. Akafumbua mdomo, na sisi tuliomjua tukangoja hotuba.

"Nitwike, mama," akasema.

Basi iandikwe, na anayejua kusoma amsomee asiyejua: kwamba katika miaka yetu hii, juu ya pwani ya Rumonge, alikuwepo mtu aliyekuja kupanda kilima bure, akakipanda kwa ajili ya mwanamke aliyerudi kwao, akakishuka kwa ajili yake pia, kwamba jioni ile maharage yalifika Gatete yote, wala halikupotea hata moja, na kwamba kuanzia siku hiyo, watu wa kilima kile wakitaka kusema mtu amesimama imara, husema ana shingo ya Uvira.